Mteja Aliyebaki Duka la Zamani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tak Gyeong-nim
Jinsi: Mwanamke
Umri: Miaka 61
Kazi: Mkulima, muuzaji wa kabichi za chumvi kwa njia ya mtandao
Makazi: Kijiji cha Songwol, Haenam, Jeolla Kusini
Tarehe ya maelezo: Jumatano, 20 Novemba 2024, asubuhi
Mbele ya: Inspekta Guk Seong-ho
Kuhusu: Lalamiko la Maeng Dong-jun dhidi ya Pyo Ran-hui

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Afande amenionya kwamba nikidanganya nitashitakiwa. Nimemjibu kwamba uongo unataka nafasi, nami leo sina nafasi. Kabichi zangu ziko ndani ya maji ya chumvi, na zikipitiliza zitakuwa chakula cha nguruwe.

Nimekuja kwa sababu jana Bwana Maeng Dong-jun alifika kituoni hapa akalalamika kwamba Bi. Pyo Ran-hui ameharibu taarifa za wateja wa duka langu, kisha akaziuza kwa matapeli. Leo asubuhi Bi. Pyo ameitwa. Nimeambiwa tangu afike hajajibu swali hata moja, ila amerudia kusema, "Taarifa si zangu. Ni za wateja, na aliyekabidhiwa ni mwenye duka. Yeye akiniruhusu nitasema." Afande ameuita huo ukaidi. Mimi ndiye mwenye duka. Niliposikia maneno hayo sikushangaa, maana ndivyo alivyo tangu siku ya kwanza. Basi namruhusu aseme yote, na mimi nasema yangu.

Ninauza kabichi zilizokwisha kulowekwa chumvi na kusuuzwa, ili mteja nyumbani abaki na kazi ya kupaka viungo tu. Afande ana mama, anajua mambo ya Novemba, mwezi wa kutengeneza kimchi, kabichi ya pilipili inayoliwa majira yote ya baridi. Familia inapanga siku yake, mabinti na wakamwana wanakusanyika, pilipili inachanganywa kwenye beseni asubuhi, na kabichi zinatakiwa ziwe zimefika jana yake. Zikiwahi mno zinachacha. Zikichelewa, watu wazima wanakaa sebuleni na glavu mikononi wakitazamana.

Kazi hii aliianza mama yangu, marehemu Bong Sun-im, akiuza kwa simu. Duka la mtandaoni tulifunguliwa miaka tisa iliyopita na huyu Maeng, ambaye ana kampuni ndogo Gwangju inayoweka maduka ya wakulima ndani ya mashine zake za kompyuta. Huniita Shangazi ingawa hatuna undugu. Sikuwahi kumkatalia, amekula wali kwangu mara nyingi. Siku ile ya kufungua, mama alikaa karibu naye akamtajia wateja wote kwa kichwa. Alijua simu zao, anwani zao, nani anataka chumvi pungufu kwa ajili ya presha. Kitu kimoja tu hakukijua: majina yao. Kwake kila mwanamke alikuwa mama wa mtu. Mama wa Ji-hun, Mama wa Su-bin, Mama wa Hyeon-u. Maeng akaingiza hivyo hivyo, na sisi tuliofuata tukaendelea hivyo hivyo.

Novemba ya mwaka jana duka la mtandaoni lilizimika siku nzima. Liliporudi, oda za siku mbili hazikuwamo. Mwanamke mmoja wa Incheon alinipigia simu. Mabinti zake wote wamefika, mmoja ametoka ng'ambo, viungo tayari, kabichi hakuna. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Mama mkwe wangu ni mgonjwa, Bosi. Nadhani hii ilikuwa ndiyo ya mwisho kwake." Heri angenitukana. Nilipompigia Maeng, alisema, "Ah, Shangazi, mashine nazo huchoka kama watu." Nikamwambia mimi nimechoka kuliko mashine yake, na msimu ujao nahama.

Alicheka. Maneno yake nayakumbuka: "Hama uone. Data si kabichi, huwezi kupakia kwenye lori. Ukiigusa tu inamwagika, halafu utarudi hapa unalia, 'Dong-jun, Dong-jun.'"

Bi. Pyo Ran-hui nilielekezwa na mama mmoja wa Wando anayeuza mwani. Ana miaka 47, anaishi Mokpo, na kazi yake ni kuhamisha maduka ya mtandaoni kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Hana kazi nyingine. Alikuja kwangu mara ya kwanza mwanzoni mwa Septemba. Nilikuwa nimemfutia meza na kumwashia kompyuta. Hakuitazama. Aliuliza kama nina buti za ziada zinazomtosha, akaingia bandani tunapolowekea kabichi, akashinda nasi kutwa nzima akisuuza na kusikiliza simu zikipigwa. Wenzangu walimwona kituko. Mmoja aliniambia sikioni, "Dada, umeajiri fundi wa kompyuta au kibarua?"

Tukiwa kwenye kusuuza, aliniuliza, "Bosi, kitu gani kikipotea njiani utalia?"

"Kulia mimi? Nililia mazishi ya mama nikamaliza."

"Haya, kitu gani kikipotea wateja watalia?"

Nikafikiri. "Siku ya kufika," nikasema. "Jina likipotea nitapiga simu. Siku ikipotea hakuna dawa."

"Basi hicho tutakibeba kwa mikono miwili," akasema, akaendelea kusuuza.

Nataka iandikwe namna alivyofanya kazi, kwa sababu aliyelalamika anasema aliharibu. Jambo la kwanza alikataa kuhama moja kwa moja. Alichukua nakala ya taarifa za duka, akaifunga kwa ufunguo ambao yeye alikuwa na nusu na mimi nusu, yaani haifunguki mpaka tuwe wawili. Nikamwambia anasumbua, ninamwamini. Alinijibu, "Usiniamini, Bosi. Siku nikiamka vibaya, hiyo nusu yako ndiyo itakayonizuia." Maneno ya siri ya wateja hakuyagusa kabisa. Alisema yamefungwa kwa namna ambayo hata yeye hawezi kuyasoma, na hana hamu ya kujaribu. Kila mteja ataweka jipya akifika. Kisha akafanya mazoezi ya kuhama, kwa nakala ile, ndani ya duka jipya, kwenye mashine za kampuni nyingine, lililokuwa bado limefungwa milango. Alihama, akakagua, akafuta, akahama tena. Halafu akafanya jambo lililonishangaza zaidi: akafanya mazoezi ya kurudi. Nilimuuliza nani anafanya mazoezi ya kushindwa. Akasema, "Mtu aliyewahi kushindwa akiwa hajafanya mazoezi." Sisi tunasema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Huyu alikuwa anapima kwanza kama yanafika kifuani.

Katika zoezi la kwanza alinipigia simu nikiwa shambani.

"Bosi, kuna mwanamke yuko Busan, anapelekewa kabichi zaidi ya mia tatu. Ana hoteli?"

"Nani huyo?"

"Mama wa Ji-hun."

Nilicheka mpaka nikashikilia toroli. Akina Mama wa Ji-hun ni wengi mno! Mwaka waliozaliwa watoto wale, nchi nzima ilikuwa inaita Ji-hun. Duka jipya liliona jina moja, likadhani ni mtu mmoja, likawakusanya wote kwa yule wa Busan na kumrundikia kabichi za wenzake. Akina Mama wa Su-bin nao vivyo hivyo. Laiti tungehama kama Maeng anavyohamisha, kwa kubonyeza na kwenda kunywa pombe ya soju, nusu ya Korea ingekosa kimchi na mwanamke mmoja wa Busan angezikwa hai.

Angeweza kuwatenganisha kwa namba za simu tu akamaliza siku hiyo hiyo. Alifanya hivyo, lakini hakutosheka. Alisema, "Namba hubadilika, na watu wawili wa nyumba moja hutumia namba moja. Tuwaulize majina yao." Tukawapigia. Yeye na mimi na wenzangu wa bandani, wiki nzima ya Oktoba, kila mmoja na simu yake. "Samahani, Mama wa Ji-hun, tunahama, tungependa kujua jina lako mwenyewe." Sikutegemea yaliyotokea. Mmoja wa Daegu alisema, "Langu mimi? Mara ya mwisho aliyeniuliza alikuwa daktari." Mwingine alilitaja polepole, silabi moja moja, akaniomba nimrudishie nilivyoandika. Nilikuwa nimewauzia kabichi miaka tisa na sikujua hata mmoja anaitwaje. Ran-hui alipanga duka jipya libebe yote mawili, jina la mtu mwenyewe kwanza, na lile la mama wa fulani pembeni, ili wale wazee wakipokea boksi wasidhani limekosea mlango.

Sasa nazungumzia huo uharibifu aliolalamikia Maeng.

Mteja akitoa oda huandika chini yake maelekezo kwa dereva. Usipige kengele, mtoto amelala. Weka karibu na mita ya maji. Na namba ya siri ya kufungua lango la jengo, maana bila namba dereva hapandi. Hizo namba watu huziandika bila kufikiri. Ran-hui alizikuta zote, za miaka tisa. Tarehe 2 Novemba alikuja nyumbani akanikalisha.

"Bosi, unajua kwamba una funguo za nyumba za watu?"

"Mimi nina kabichi."

"Una milango ya vikongwe wanaoishi peke yao, jina, simu, ghorofa, na namba ya lango. Mtu akiipata hii hahitaji kuvunja kitu."

Alisema hatazibeba. Duka jipya litamuuliza mteja namba kila anapoagiza, na boksi likishafika inafutika yenyewe. Tena akashauri tuzifute hata kwenye duka la zamani, kabla ya kuhama, kwa sababu nyumba unayoiacha ndiyo inayoibiwa. Hakuzifuta yeye. Aliniambia, "Ni wateja wako, kidole kiwe chako." Nilibonyeza mimi, kwa kidole hiki hiki nilichotia wino leo, kupitia mlango wangu wa mwenye duka. Basi ikiwa huo ni uharibifu, Afande, mharibifu umekaa naye hapa.

Tarehe 8 Novemba, siku mbili kabla ya kuhama, aliniomba jambo jingine. Alisema kila nyumba inataka mlinzi. Alitaka tuandikishe mteja wa kubuni katika duka la zamani, ambaye hatutamhamisha, na mwingine katika duka jipya, ambaye hajawahi kuwamo katika la zamani. Siku yoyote taarifa zikivuja, mlinzi atakayeguswa ndiye atakayetuambia ni nyumba ipi imeingiwa. Tusimwambie mtu yeyote, wala wenzangu wa bandani.

"Wa duka jipya nimempata," akasema. "Nitatumia simu yangu ya pili, nitaandika Mama wa Ran-hui. Wa duka la zamani ndiye shida. Nahitaji mteja ambaye hayupo, lakini simu yake ipo."

Nikamwambia, "Huyo ninaye."

Naomba nieleze. Mama yangu alifariki miaka sita iliyopita. Simu yake sikuikata. Iko juu ya kabati la televisheni, ninaichaji kila Jumapili. Ndugu zangu wamesema mpaka wamechoka. Haikuwahi kuita tangu tumzike, kwa kuwa wote waliokuwa na namba ile walikuja msibani. Ran-hui hakuniuliza kwa nini ninaichaji. Alipokea ile simu kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mtu anayesalimia mkubwa wake, ndipo akaandikisha. Jina la mteja tuliweka Mama wa Gyeong-nim, kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba na ndivyo kijiji kizima kilivyomwita. Anwani tukaweka nyumbani.

Jumapili tarehe 10 tulihama. Tulikuwa tumewatangazia wateja kwamba duka litafungwa asubuhi hiyo. Ran-hui alikaa kwenye meza yangu ya kulia chakula, akala viazi vitamu vya kuchoma, akaniambia mapema, "Likigoma kabla ya saa sita mchana tunarudi la zamani, bila ubishi, na wewe ndiye utakayenikumbusha kwa sababu mimi nitakuwa na tamaa." Halikugoma. Lakini hesabu ya mwisho, kabla ya kumwandikisha mlinzi wa duka jipya, ilionyesha duka jipya lina mteja mmoja pungufu ya la zamani.

"Mmoja amepotea!" nikasema.

"Hajapotea," akasema. "Ni mama. Anatakiwa abaki."

Nilijua hivyo. Nilikubali mwenyewe. Hata hivyo nilitoka nje nikasimama karibu na mapipa ya chumvi, nikajisikia kama tumepakia vyombo vyote kwenye gari na kumwacha bibi kizee kibarazani. Ran-hui alinifuata na kikombe cha chai ya shayiri, akasimama nami. Baadaye akarudi ndani kukagua siku za kufika, oda kwa oda, na haikukosekana hata moja. Yule mama wa Incheon alipokea zake Alhamisi iliyopita. Mama mkwe wake bado yuko hai. Alinitumia picha ya beseni.

Siku hiyo jioni Maeng alinipigia. Aliuliza, "Shangazi, imemwagika?" Nikamjibu, "Hata tone." Akasema nimemwaibisha mbele ya wakulima wengine, maana sasa nao watataka kuhama. Kwa makubaliano yetu alitakiwa kulihifadhi duka la zamani ndani ya mashine zake, likiwa limefungwa, hadi mwisho wa mwezi huu, kisha alifute lote. Mimi na Ran-hui tulikwisha kurudisha funguo zetu. Baada ya siku ile, aliyeweza kuingia mle ni kampuni yake peke yake.

Juzi, Jumatatu tarehe 18, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, niliingia ndani kubadilisha glavu. Simu ya mama ikalia. Ni mlio wa kizamani, kama chiriku. Sikuusikia kwa miaka sita na mwili wangu uliujua kabla ya masikio. Nilijikuta nimesema, "Mama, nakuja." Nilikuwa peke yangu chumbani.

Ulikuwa ujumbe. Afande anao mbele yake, nausoma: "Mama wa Gyeong-nim, duka letu limehama na malipo yako hayakuonekana. Ili kabichi zako zisichelewe, tuma upya kwenye akaunti ifuatayo." Nilikaa sakafuni. Katika maisha yangu yote waliomwita mama hivyo walikuwa watu waliompenda, na sasa alikuwa anaitwa hivyo na mwizi.

Nilimpigia Ran-hui. Nilisema tu, "Ameguswa mlinzi." Akasema, "Wangu hajalia." Kisha akauliza, "Dada, wewe mwenyewe u mzima?" Siku zote alikuwa ananiita Bosi. Nikamjibu mimi ni mzima. Akasema, "Basi tuanze na wazee."

Kabla kabichi za siku hiyo hazijakolea chumvi alikuwa ameweka onyo kwenye ukurasa wa mbele wa duka jipya na kuwatumia wateja wote ujumbe kwamba hatuombi malipo mara ya pili. Lakini alisema wazee hawasomi ujumbe, wanasikiliza sauti. Tukaacha kabichi, tukashika simu tena. Safari hii tuliwaita kwa majina yao. Hilo lilisaidia kuliko tulivyotarajia. Mama mmoja wa Suncheon aliyekuwa njiani kwenda benki alisimama barabarani akasema, "Huyo wa ujumbe ameniita Mama wa Hyeon-u. Wewe umeniita jina langu. Nimejua ninyi ndio wenyewe." Akageuza akarudi nyumbani. Wachache walikuwa wamekwisha kutuma kabla hatujawafikia, nao nimewaelekeza waende polisi huko walipo. Wote kwa pamoja wanasema wameitwa kwa jina la mama wa fulani. Hayupo aliyeitwa kwa jina lake mwenyewe, na majina yao wenyewe yamo katika duka jipya peke yake.

Ran-hui alitaka tuje kuripoti jana asubuhi. Mimi ndiye niliyesema tumalize kwanza kuwapigia wazee. Maeng akatutangulia. Njia ya mwongo ni fupi, ila wakati mwingine ana gari zuri.

Sisemi kwamba Bwana Maeng ndiye aliyetuma ujumbe ule. Sikumwona. Huenda ni yeye, huenda ni mfanyakazi wake, huenda mashine zake zimeachwa wazi kama zizi. Ninachosema ni hiki. Jina la Mama wa Gyeong-nim halikuwahi kuwamo katika nakala aliyochukua Ran-hui mwezi Septemba, kwa kuwa tuliliandika tarehe 8 Novemba. Halikuwahi kuingia katika duka jipya, kwa kuwa tulilibakiza makusudi. Lilikuwa mahali pamoja tu duniani. Aliyelipata alilitoa kule. Simu ya pili ya Ran-hui, mlinzi wa duka jipya, nimekuja nayo pia, aliniachia jana. Afande ameifungua akaona haina kitu.

Tena yeyote aliyechukua orodha ile aliichukua baada ya tarehe 8, na namba za milango zilifutwa tarehe 2. Ana majina ya watoto wa watu na namba za simu. Hana mlango hata mmoja. Kama kuna nakala nyingine ya zamani imefichwa mahali, hilo silijui, aulizwe mwenye mashine. Lakini usiku wa juzi nililala nikiwafikiria akina mama wanaoishi peke yao, nikalala usingizi kamili, na usingizi huo nilipewa na huyo mnayemwita mkaidi.

Afande ameniuliza kama nina hakika Bi. Pyo hana kinyongo na Maeng au tamaa ya biashara yake. Nimesema mwanamke huyu hakai mahali. Akishahamisha duka anaondoka, anakwenda kwa mwingine, na anachobeba ni kuaminiwa tu. Mkimweka hapa hata siku tatu, nani atampa tena wateja wake awabebe? Jina lake likitoboka ameisha. Nimefanya kazi na watu wengi. Sijawahi kuona mtu anayeshika vitu vya watu wasiomjua kwa adabu namna ile, huku hakuna anayemtazama.

Nina ombi, na naomba liandikwe hata kama si la kipolisi. Juzi jioni, tulipomaliza simu za siku hiyo na sauti zimetukauka, Ran-hui aliniambia, "Dada, mwisho wa mwezi duka la zamani linafutwa. Mama amemaliza kazi yake ya ulinzi. Ukipenda, nitarudi kumchukua." Sikuwa nimemwomba. Nilikuwa naona aibu hata kuliwaza, mtu mzima kuhangaika na mteja wa kubuni. Niliitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo polisi mkishachukua ushahidi wenu mle, kabla halijafutwa, naomba aruhusiwe kuingia mara moja amhamishe mama. Asifanye mtu mwingine. Nataka afanye Ran-hui.

Nimeyasema haya yote nikiwa na akili zangu, na hakuna nililoongeza ili kumpendeza mtu. Niitwe popote, nitayarudia.

(Sahihi) Tak Gyeong-nim, na alama ya kidole gumba

MAELEZO YA AFISA

Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali kuwa sahihi na ametia sahihi mbele yangu. Nilitaka kuliondoa neno "ukaidi". Shahidi amekataa, amesema libaki nilivyolitamka.

Bi. Pyo Ran-hui ametoa maelezo yake baada ya kuruhusiwa na mwenye duka. Yanalingana na haya. Ameruhusiwa kwenda. Bwana Maeng Dong-jun ataitwa, na imeombwa amri ya kukagua mashine za kampuni yake.

Kielelezo namba 1: simu ya mkononi ya kizamani, rangi ya fedha, mali ya marehemu Bong Sun-im, imepokelewa kutoka kwa shahidi. Shahidi ameuliza mara mbili kama itazimwa. Nimemjibu kwamba haitazimwa, na kwamba nitaichaji mwenyewe Jumapili.

(Sahihi) Inspekta Guk Seong-ho